Mashine Iliyofukizwa Ubani

Wiki iliyopita nilikwenda Kariakoo kutafuta ramu, nikarudi na hofu. Usicheke. Najua watu huenda Kariakoo wakarudi bila simu, wengine bila pochi, lakini mimi vyote nilirudi navyo, na bado nilipofika kwetu Mchafukoge nilikaa kwenye ngazi za ghorofa letu kabla ya kupanda. Jirani aliyepita na ndoo yake ya maji akasimama akaniuliza kama nimefiwa.

Ramu, kwa wewe usiyeshughulika na mambo haya, ni kile kipande chembamba cha kijani kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili iweze kushika mambo mengi kwa wakati mmoja. Ikiwa ndogo, mashine inaanza kusuasua, kisha inagoma. Yangu imeanza kugoma. Nina duka la steshenari hapo chini ya ghorofa, nachapa barua, kadi za harusi na mitihani ya shule, na kila programu mpya inayokuja inataka nafasi kubwa kuliko ile ya jana. Basi nikafanya kama tulivyozoea kufanya nyumbani tangu nikiwa mtoto. Nikachukua mkoba, nikavuka barabara, nikaenda kwenye ule ujia mrefu wa Mtaa wa Narung'ombe ambako zamani kila kijiduka kiliuza matumbo ya kompyuta.

Ujia upo. Matumbo hayapo. Upande huu raba, upande ule makava ya simu, katikati mtu anauza manukato na kuwapulizia wapita njia bila kuwauliza. Mwisho kabisa, karibu na choo, nikamkuta kijana mmoja aliyebakiwa na meza ya vipuri vya kompyuta, nusu yake vumbi.

"Karibu dada. Mambo?"

"Poa. Nataka ramu ya deskitopu."

Akacheka, lakini bila ubaya. "Dada, hiyo kwa sasa tafuta kwa tochi. Mzigo hauji. Zote zinabebwa na yale majumba makubwa ya mashine huko nje, yale ya akili bandia yanayofikiria kwa niaba ya watu. Sisi tunaletewa makombo, na bei yake ukitajiwa utaomba kiti."

"Sasa nifanyeje? Nina kazi za watu."

"Achana na mambo ya kufungua-fungua. Chukua hii." Akanionesha kiboksi cheupe kisichozidi kopo la maziwa ya unga. "Kila kitu kimegandishwa humo humo. Huongezi, hupunguzi. Ikifa unatupa, unachukua nyingine. Au usinunue kabisa, dada'angu. Siku hizi unakodi mashine iliyoko huko kwa wenyewe, wewe unabaki na kioo tu, unalipia kila mwezi. Hii biashara ya mtu kuunda kompyuta yake, kuongeza hiki na kile, inaisha. Watoto wako watahadithiwa tu."

Alisema vile huku anakula mhogo wa kukaanga, pilipili imemganda mdomoni, hana habari kwamba ananisomea hitima. Kwa maana mimi si shabiki wa kompyuta. Sijawahi kucheza michezo yake hata siku moja. Lakini kompyuta ya kuundwa nyumbani, ya kufunguliwa na kufungwa, ndiyo iliyonisomesha na kunilisha, na kuna wakati ilitaka kufa tukataka kufa nayo.

Twende nikupeleke.

Tulikuwa wanawake watatu kwenye nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya kwanza: bibi mzaa mama, mama na mimi. Baba alifariki nikiwa bado nanyonya. Ndugu zake walikuwa Tanga, na mkubwa wao, baba mkubwa wangu, alikuwa mtu mwema mwenye neno moja tu analolirudia kila akipiga simu kwa jirani aliyekuwa na simu: wanawake hawawezi kukaa peke yao katikati ya mji bila mwanamume wa kuwaangalia, chumba kipo, mje. Mama alikuwa akishukuru, anasalimia watoto wote mmoja mmoja, anarudisha simu ya watu. Hakutaka kwenda Tanga. Mji huu ulikuwa wake kama ulivyokuwa wa bibi na wa mama yake bibi, na tena alikuwa na kazi. Alikuwa na mashine.

Mashine ile haikununuliwa. Iliundwa. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa amepanga chumba Buguruni na kila alichopata alikipeleka Kariakoo. Leo analeta kasha tupu la bati lililopauka, mwezi ujao bodi ya kuchomekea vipuri, baadaye pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, ya mtumba iliyotoka ng'ambo na buibui ndani yake. Vitu vile vilikaa chini ya kitanda cha bibi vimefungwa kwenye khanga kuukuu, na bibi alilalamika kwamba analala juu ya maiti ya mzungu. Siku vilipotimia, mjomba alitandika mkeka sebuleni, akavipanga, akaanza kuviunganisha na bisibisi yake yenye mpini mwekundu.

Mjomba alikuwa na maneno mengi na majigambo zaidi, lakini umeme aliuogopa kuliko simba. Alitutungia sheria. Kabla ya kugusa chochote cha ndani, shika kwanza nondo za dirisha. Alisema mwili wa binadamu unaficha umeme mdogo usiouona, na umeme huo ukiingia kwenye bodi unaiua kimyakimya, hutajua mpaka siku ya kuiwasha. Tukawa tunashika nondo wote, hata bibi aliyekuwa anapita tu kwenda jikoni. Na siku ya kuwasha lazima kila mtu avae kandambili, halafu mjomba mwenyewe anasimama mbali na kubonyeza swichi kwa mpini wa mwiko wa ugali. Mama alimcheka mpaka akashika mbavu. Mashine ikaguna, feni ikaanza kuzunguka, kioo kikapepesa, na mjomba akatutazama kama aliyeteka nchi, mwiko bado mkononi.

Kuanzia hapo sauti ya feni ile ndiyo ikawa sauti ya nyumba yetu. Asubuhi nilikunywa chai ya mchaichai na maandazi kwa mbaazi za nazi huku naisikia. Nilitoka madrasa naisikia kuanzia kwenye ngazi, pamoja na printa iliyokuwa ikikwaruza mstari kwa mstari na vikombe vya muuza kahawa vikigonganishwa kule chini. Wateja walipanda ngazi kuleta maandishi yao, wakakaa kwenye kiti cha plastiki, bibi akawapa kashata na kuwauliza habari za nyumbani kwao mpaka wakasahau walichokuja kuchapa.

Idi ikikaribia, wenzangu walipelekwa Mchikichini kuchaguliwa magauni. Sisi tulikwenda kwenye ujia wa Narung'ombe kuinunulia mashine. Mwaka huu ramu, mwaka mwingine diski kubwa zaidi, mwaka mwingine kioo kisicho na mstari wa kijani katikati. Kilichotolewa hakikutupwa, kilikwenda kwa mjomba Buguruni, na cha mjomba kikashuka kwa rafiki yake, kama nguo ya mkubwa inavyomshukia mdogo. Mimi niliona wivu na sitakuficha. Niliwahi kumuuliza mama kwa nini sanduku linavalishwa na mimi sivalishwi. Akanijibu kwamba nisubiri, sanduku ndilo litakalonivalisha, na kweli gauni lilikuja, ila lilikuja Idi ya kuchinja.

Sasa nikwambie habari za bibi, kwa sababu yote yalitokea kwake, na yalitokea kwa mapenzi.

Mwanzoni bibi aliitilia shaka ile mashine. Alipoona inaleta unga na mchele, akaipenda, na bibi akikipenda kitu alikitunza kwa taratibu za nyumba yake. Kwanza aliifumia kitambaa cha uzi mweupe chenye maua pembeni, kama vile vya redio na makochi. Pili, kila Alhamisi jioni, kabla ya maghrib, aliifukiza. Aliwasha mkaa kwenye chetezo chake cha udongo, akatia ubani na chembe za udi, akazungusha nyumba nzima akisoma, mlango, vitanda, kabati, na mwisho akainama chini ya meza ya mama na kukiacha chetezo hapo pembeni ya kasha. Kinacholisha nyumba, alisema, hakiachwi bila kinga. Watu wanapanda na kushuka hapa, kila mmoja na jicho lake.

Mjomba hakuwahi kuufunga ubavu wa kasha, alidai mashine lazima ipumue. Basi bibi alipokiweka chetezo pale, feni ikawa inauvuta ule moshi. Nilikuwepo siku alipoligundua jambo hilo. Moshi ulikuwa ukipanda wenyewe, ukafika mbele ya kasha, ukapinda, ukaingia ndani wote. Bibi akashika kifua.

"Tazama! Anavuta! Anapenda!"

Akaongeza ubani. Na kuanzia siku ile, kila Alhamisi aliuangalia moshi unavyoingia, anatabasamu, anasema mashine yetu ni ya Kiislamu.

Ikapita miaka ya raha. Kisha ukaja msimu ulioiondoa raha ile.

Ulikuwa msimu wa mitihani. Mama alikuwa amepewa kazi na shule moja ya jirani kuchapa mitihani ya madarasa yote, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, na mwalimu aliyeileta alisema ikitoka vizuri ataipata kila muhula. Tukaanza kuota ndoto. Ndipo mashine ikazimika.

Haikuwa umeme. Feni ya darini ilikuwa inazunguka, taa inawaka, ila mashine imezima katikati ya neno. Mama akaiwasha, ikawaka, ikakaa kidogo, ikazima tena. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Wiki iliyofuata ikawa haikai hata muda wa chai kupoa. Mama akaanza kuandika mstari na kuhifadhi, mstari na kuhifadhi, amekunja uso. Akaacha kuimba. Mama alikuwa na tabia ya kuimba taarabu chini kwa chini akichapa, na kunyamaza kwake kuliniogopesha kuliko mashine yenyewe.

Mjomba akaitwa. Akaja na majigambo yake, akashika nondo, akatoa hiki, akaweka hiki. Alibadilisha pawasaplai. Alibadilisha ramu. Alikwenda na kurudi Kariakoo mpaka viatu vikamlegea, na kila alichokileta kilifanya kazi siku moja, halafu mashine ikarudia ugonjwa wake. Jirani wa ghorofa ya juu, mwanamke wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa, mtu wetu wa kusaidiana, akashuka na sahani ya halua, akaangalia, akatikisa kichwa. "Hili ni jicho," akasema. "Mtu kakuoneni mnafanikiwa, kakutupieni jicho."

Bibi hakuhitaji kusikia mara mbili. Alhamisi haikutosha tena. Akawa anafukiza kila jioni, kisha asubuhi na jioni, akikiweka chetezo karibu kabisa na kasha na kupepea kwa kipepeo chake ili moshi uingie wote. Akanunua ubani bora zaidi, ule wa madonge makubwa. Nyumba ikawa inanukia mpaka ngazini. Na kadiri alivyofukiza, mashine ilizidi kuzima, na kadiri ilivyozima, bibi alizidi kufukiza, machozi yakimtoka kwa moshi na kwa huruma.

Baba mkubwa akapiga simu. Safari hii mama hakusalimia watoto mmoja mmoja. Alisikiliza muda mrefu, kisha akasema, "Kama Mungu hajaandika vingine, shemeji, tutakuja." Aliporudi akamwambia bibi kwa sauti ya chini, akidhani sisikii, kwamba mashine ikifa, tunahamia Tanga.

Sijui wewe uliogopa nini ulipokuwa mtoto. Mimi sikuogopa mashetani wala mbwa. Nilimwogopa yule feni. Nilikaa darasani namwaza, mwalimu ananiuliza namjibu mengine. Nilipanda ngazi nimeshika kifua, naomba nimsikie kabla ya kufika mlangoni, na nikifika bila kumsikia, nilisimama nje ya mlango nisiingie. Tanga nilikuwa sijawahi kufika, na kwa akili yangu ya kitoto ilikuwa ni mahali mama hachapi, bibi hana wa kumpa kashata, na mimi ni mtoto wa kuambiwa pisha. Nilijifunza mapema kwamba maisha ya watu watatu yanaweza kukaa ndani ya sanduku la bati, na sanduku likaamua tu kunyamaza.

Mwalimu wa ile shule akaja Ijumaa. Alikuwa mpole, akanywa chai, akasifia kitambaa cha bibi. Kisha akasema Jumatatu asubuhi lazima apate mitihani yote, la sivyo kazi ataipeleka kwingine, na hilo si lake, ni la mkuu wake. Mama akamwambia, "Utaipata, mwalimu." Alipotoka, mama alikaa pale pale kwenye kiti cha plastiki mpaka chai aliyoibakiza mgeni ikafanya utando juu.

Jumamosi baada ya adhuhuri bibi alikwenda kwenye hitima Buguruni. Mjomba alikuwa kazini. Mama akafunga mlango kwa komeo, akavua kitambaa cha maua, akalivuta kasha kutoka chini ya meza mpaka kwenye mwanga wa dirisha. Kwa miaka yote ile hakuwahi kutia mkono ndani. Ndani kulikuwa kwa mjomba. Mama alikuwa mtu wa kibodi, na aliogopa nyaya kama anavyoogopa nyoka.

"Shika nondo," akaniambia. Nikazishika. Na yeye akazishika, kwa mikono yote miwili, muda mrefu, nikaona mabega yake yanapanda na kushuka.

"Kama kufa, ife mikononi mwangu," akasema. "Nijue nimeiua mwenyewe."

Akachomoa waya wa umeme. Akapiga magoti. Akaanza kutazama tu, hagusi, kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Akaona nyaya, akaona vumbi, akaona ile feni ndogo iliyokaa juu ya ubongo wa mashine, ile ya kuupoza. Akaisukuma kwa ncha ya kalamu. Haikuzunguka vizuri, ilikwenda nusu ikakwama. Akaingiza kidole chini yake, kwenye vile vibati vyembamba vilivyopangwa kama vitana, akakitoa.

Kidole kilikuwa kimepakwa kitu cha rangi ya kahawia, kinanata. Akakitazama kwenye mwanga. Akakinusa. Kisha akanisogezea puani.

Ubani.

Miaka ya ubani, rafiki yangu. Alhamisi zote za bibi, na zile asubuhi na jioni za kuikinga na jicho, zilikuwa zimeingia mle ndani zikaganda juu ya vibati, zikashika vumbi, zikaiziba ile feni mpaka ubongo ukawa unachemka na mashine inajizima ili isiungue. Mimi hayo niliyaelewa ukubwani. Siku ile niliona tu mama yangu anaanza kucheka. Akacheka akiwa amepiga magoti, mkono mmoja mdomoni majirani wasisikie, halafu nikaona si kicheko tena.

"Mama yangu ananiua kwa dua," akasema.

Akajifuta, akainuka, akaleta mswaki wa zamani na ile chupa ya spiriti ya kusafishia vidonda. Akafungua skrubu za feni, akaziweka kwenye kisahani cha chai. Akasugua taratibu, kibati baada ya kibati, spiriti ikatoka nyeusi, harufu ya hospitali na ya msikiti zikachanganyika chumbani. Jasho lilimtoka. Skrubu moja ikaruka, tukaitafuta chini ya mkeka tumeshikwa na hofu mpaka tukaipata. Alipomaliza aliacha pakauke, tukakaa tunapangojea. Hakutaka chakula na mimi sikuthubutu kuomba.

Alipochomeka waya hatukuvaa kandambili, wala hakutafuta mwiko. Akasema bismillahi, akabonyeza kwa kidole chake kile kile.

Feni ikazunguka. Tena ilizunguka kwa sauti nyepesi niliyokuwa nimeisahau, ile ya miaka ya mwanzo. Mama akakaa, akaanza kuchapa. Chai ikapoa, mashine haikuzima. Adhana ya alasiri ikapita, haikuzima. Nikawa nimekaa sakafuni nimeegemeza mgongo kwenye kasha, nalisikia linatetema, na wakati fulani juu ya kichwa changu nikamsikia mama anaimba.

Bibi alirudi jioni, akasimama mlangoni, akanusa. "Nani kaumia?"

"Hakuna, mama. Nilikuwa nasafisha meza."

Mitihani ilikwenda Jumatatu. Tanga tulikuja kwenda baadaye, kwa harusi, tukarudi. Lakini nilitaka kukusimulia Alhamisi iliyofuata, maana bibi, alipoona mashine imepona, alirudia kufukiza Alhamisi tu. Jioni, bibi akiwa anakoleza mkaa, mama alikwenda akachuchumaa mbele yake kama binti wa miaka kumi.

"Mama, naona Mungu ametujibu, mashine imepona. Ila nimefikiri jambo. Wenye macho si wanaingilia mlangoni? Naomba chetezo kikae mlangoni, kiwazuie huko huko, wasifike ndani."

Bibi akapepea mkaa, akafikiri. "Na mimi nilikuwa nataka kukwambia hivyo hivyo," akasema.

Mpaka anaingia kaburini hakujua. Mjomba alinong'onezewa ukweli ngazini, akacheka mpaka akakaa chini, na baada ya mwezi nikamsikia anawahadithia rafiki zake kwamba yeye alishauhisi ubani tangu siku ya kwanza.

Ndiyo maana nimekwambia nilirudi Kariakoo na hofu. Hofu ya utotoni sikuipoteza, nilikua nayo. Hata leo, duka likiwa limejaa watu, sikio langu moja liko kwenye feni. Lakini hofu ile ilikuwa na mlango. Mtu aliyeogopa kama mama yangu, asiyejua kitu, aliweza kupiga magoti, kuchungulia na kutia kidole. Mashine ilikuwa yetu mpaka kwenye uchafu wake. Ikiugua, tuliumwa nayo, lakini hapakuwa na mtu mbali huko tuliyepaswa kumwomba ruhusa ili ipone.

Sasa bibi hayupo, mjomba naye amemfuata. Yule jirani wa halua wanawe wamemchukua. Mama yupo juu, macho hayaoni vizuri, anauliza tu kazi zimekwendaje. Wale wauzaji wa ujiani waliokujua kwa ugonjwa wa mashine yako, waliokukopesha kipuri ukakijaribu nyumbani, nao wametawanyika. Na zile siku za kwenda kuongeza kidogo, mwaka huu hiki na mwaka ujao kile, kadiri Mungu alivyojaalia, zinaondoka nao. Mbele naona kununua kitu kizima au kukosa kabisa. Au kukodi. Bibi angesema nguo ya kuazima haisitiri matako, na ningetamani awepo alisemee hili, maana mimi linanitisha kulisema. Nitachapa mitihani ya watu kwenye mashine nisiyoiona, iliyoko nisikokujua, na mwenyewe akitaka ataizima, na hapo sitakuwa na pa kuchungulia. Naogopa, rafiki yangu. Nawaogopea na wanaokuja.

Nilikinunua kile kiboksi cheupe. Nifanyeje, msimu wa mitihani umefika, na steshenari zimejaa mtaa mzima. Nilipokuwa nimekaa pale kwenye ngazi kilikuwa mapajani kwangu, chepesi, nikakiona kama si kitu. Nilikipandisha juu kwanza, mama akakishika, akakipapasa pande zote, akakiweka sikioni.

"Kimewaka?"

"Bado, mama."

Nikakiwasha. Akaweka sikio tena, akangoja. "Sisikii kitu."

"Hakina feni, mama. Cha kisasa."

"Sasa kikiumwa utajuaje?"

Binti yangu, ambaye ana umri niliokuwa nao mimi msimu ule, alikuwa ameshakaa mkekani na bisibisi, maana hakuna kitu kilichowahi kuingia nyumbani kwetu kisifunguliwe. Akakichukua kwa bibi yake. Akakipindua, akakipekua kona kwa kona kutafuta skrubu, akapitisha ukucha pale bati linapokutana na bati.

"Mama, tunakifungulia wapi hiki?"

"Hakifunguliwi."

Akaniangalia, akacheka, akadhani namtania kama ninavyomtania siku zote. Akarudi kutafuta, polepole, kwa makini, ulimi nje ya mdomo, ana uhakika kabisa kwamba mahali pa kufungulia papo. Nilitakiwa nimwambie aache. Nikakaa namtazama anavyokigeuza mikononi, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia mara ya pili.